Pikipiki Iliyovuja kwa Mama Tu

Pikipiki ya mama yangu ilikuwa inavuja petroli kila asubuhi.

Hilo peke yake si ajabu. Pikipiki huvuja, ndiyo maana mimi nakula.

Ajabu ni kwamba ilikuwa inavuja ikiwa nyumbani kwa mama tu. Ikilala kwangu gereji, haitoi hata tone. Kuna wakati niliilaza siku tatu mfululizo, nimetandika gazeti chini yake, na kila asubuhi nililikuta gazeti kavu kabisa. Nairudisha kwa mama, inalala usiku mmoja, kesho yake simu inaita.

"Daktari," ananiambia, "mgonjwa wako amekojoa tena."

Akiniita Daktari ujue ananikejeli. Ngoja nieleze kidogo ili tuende pamoja.

Mimi ni fundi pikipiki. Gereji niliirithi kwa marehemu baba, ambaye alikuwa fundi wa kweli, asiyejitangaza. Mimi nikaona nijitangaze. Nikachorewa bango la bati kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA KABURETA. Nililitundika mwenyewe juu ya mlango. Mwishoni nikapungukiwa skrubu moja ya kona, nikachukua iliyokuwa imelala mezani, nikakaza, nikashuka ngazi na kusimama barabarani kujitazama.

Mtaa ulicheka. Mama alicheka kuliko mtaa.

Mama ni muuguzi mstaafu. Ana miaka sitini na nane na hajui maana ya kustaafu. Kila siku anavaa suruali ndani ya gauni, anabana helmeti, anatupia begi la bendeji mgongoni, na kuzunguka nyumba kwa nyumba kuosha vidonda vya watu wasioweza kutoka kitandani. Pikipiki yenyewe ni ya baba. Alimfundisha kuiendesha miaka ishirini iliyopita, na alipofariki hakuna aliyethubutu kuuliza inakwenda kwa nani.

Kwa hiyo fikiria aibu yangu. Daktari wa Kabureta, na kabureta ya mama yake mzazi inamshinda.

Kesi ilianza wiki moja baada ya mimi kumfanyia sevisi ya nguvu, ya bure, kama zawadi. Nilibadilisha oili, plagi, kebo ya klachi na vikorokoro vyote vilivyochakaa. Nikaifuta mpaka ikang'aa. Nikamrudishia kwa mbwembwe, nikipiga honi kuanzia kona ya mtaa.

Siku chache baadaye nikaitwa kuja kutazama sakafu.

Mama hulaza pikipiki ndani, kwenye korido ya kuingilia, kwa sababu ua wake hauna geti. Pale kwenye vigae palikuwa na dimbwi la petroli la ukubwa wa sahani. Nikainama, nikafuata tone linakotoka. Lilikuwa linatoka kwenye ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta.

Nikacheka. Kwa fundi, hiyo ni kesi ya darasa la kwanza.

Ndani ya kabureta kuna bakuli la mafuta, na ndani ya bakuli kuna boya. Mafuta yakijaa, boya linapanda na kusukuma sindano, sindano inaziba njia. Sindano isipoziba vizuri, mafuta yanafurika na kutokea kwenye ule mpira wa chini. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, ni uchafu tu umekaa kwenye sindano.

"Wewe ndiye daktari," akasema.

Mara ya kwanza nikafungua, nikasafisha, nikafunga. Gereji ikalala kavu. Kwa mama ikavuja.

Mara ya pili nikaweka sindano mpya. Gereji kavu. Kwa mama dimbwi.

Mara ya tatu nikatoa boya, nikalitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, nisikie kama limetoboka na kuingiza mafuta. Halikuwa na kitu. Nikalibadilisha hivyo hivyo, maana nilishaanza kupaniki.

Jambo moja nililiona kila nilipofungua, nami nalisema hapa ili mnicheke vizuri. Kabla ya kutoa bakuli, fundi humwaga kwanza mafuta kwa kulegeza skrubu ndogo iliyo chini yake. Ile skrubu nilikuwa nimemwekea mpya siku ya sevisi. Na kila mara ilifunguka laini kabisa, kama mtu ameshaianza. Nikawa najisifu moyoni, hii ndiyo raha ya kitu kipya.

Mara ya nne nikaja na nadharia. Nikasema tatizo ni sakafu ya mama, imeinama, kwa hiyo pikipiki ikiegemea stendi boya linalala vibaya. Nikampimia korido kwa glasi ya maji. Nikakata kipande cha ubao, nikakiweka chini ya stendi, pikipiki ikasimama wima kama askari wa gwaride.

Asubuhi ubao ukawa umelowa petroli.

Jirani yake, mshonaji wa ukuta wa pili, akatoa uchunguzi wake pia. Alisema hiyo pikipiki inamlilia marehemu. Mama akamjibu kwamba marehemu alikuwa mbahili, asingekubali kuliliwa kwa petroli.

Tulicheka siku hiyo. Aliyekataa kucheka ni kaka.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi ya bima. Tunamwita Mkaguzi. Kazi yake ni kwenda kutazama nyumba zilizoungua na kuandika ziliunguaje, kwa hiyo kila kitu anakiona kikiwa majivu. Kwake birika ni moto, pasi ni moto, hata mkeka ukikaa juani ni moto. Tumemtania maisha yote.

Lakini Alhamisi hiyo alipoingia kwa mama, harufu ikampokea mlangoni. Akatazama dimbwi. Akatazama jiko la gesi, hatua sita kutoka pale. Akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba ile.

"Mama, nakuheshimu sana," akasema, "lakini Jumapili asubuhi nakuja. Nikikuta tone moja kwenye hiyo sakafu, naondoka na pikipiki, na haitarudi."

Nilimtazama mama nikisubiri jibu. Mama huwa hakosi jibu. Angemwambia aanze kuzima uso wake kwanza, au kitu kama hicho.

Badala yake alikuwa anajikanda vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, macho chini.

Kaka alipoondoka, nikamwambia mama kwamba Mkaguzi anatisha tu. Akatikisa kichwa. Akanitajia wagonjwa wake kwa magonjwa yao: mzee wa mguu, dada wa mgongo, yule kijana aliyeungua bega. Watu saba, na hakuna nyumba mbili zilizo karibu.

"Mkinichukulia hii," akasema, "mimi nitakuwa wa nane. Nitakaa hapa dirishani nisubiri mtu wa kuja kunitazama."

Hilo lilinichoma. Nilirudi gereji na kukaa chini ya bango langu, sina hamu hata ya kushika spana. Nikawaza kwa utaratibu. Kabureta ni nzima. Boya ni jipya, sindano ni mpya, sakafu imesawazishwa. Gereji haivuji, nyumbani inavuja. Basi kuna kitu kinatokea nyumbani ambacho gereji hakitokei.

Kitu, au mtu.

Ni nani ana ufunguo wa nyumba ya mama? Mimi na kaka. Ni nani hupita pale jioni akitoka kazini? Kaka. Na ni nani amekuwa akisema tangu baba afariki kwamba mama ameshakuwa mzee wa pikipiki? Kesi ikawa imekamilika kichwani mwangu. Ndugu yangu wa damu anaihujumu pikipiki ya mama ili apate sababu ya kuiondoa.

Ndugu msomaji, usinihukumu. Mtu akishindwa na kabureta mara nne anakuwa tayari kuamini lolote.

Jumamosi saa kumi na moja jioni nikaingia kwa mama kwa ufunguo wangu. Yeye alikuwa bado mizungukoni. Kati ya korido na sebule kuna pazia zito la maua, nikasimama nyuma yake, kando ya kapu la nguo chafu. Nilikusudia kumkamata kaka mkono ukiwa kwenye kabureta. Nilikuwa nimeandaa hadi maneno ya kumwambia.

Nikasimama nusu saa. Mguu mmoja ukafa ganzi. Hatimaye nikasikia injini, mlango ukafunguliwa, na mama akasukuma pikipiki ndani.

Nikataka kutoka. Halafu nikasema ngoja, kaka anaweza kuwa nyuma yake.

Mama akavua helmeti, akaitundika. Akaenda jikoni, akarudi na vitu viwili: glasi ndogo ya chai na kisu cha kupakia siagi. Akavaa miwani. Kisha akapiga magoti kando ya pikipiki, polepole, mkono ukiwa umeshika kiti.

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia.

Akaingiza ncha ya kisu kwenye ile skrubu ya chini ya bakuli. Haikuwa imekaza, ikalegea mara moja. Akakinga glasi chini ya mpira, petroli ikatiririka kidogo, akainyanyua glasi kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kama anavyotazama dawa kabla ya kuichoma.

Hapo nikakumbuka. Baba alikuwa na mazoea hayo. Kila jioni alitoa mafuta kidogo kwenye glasi kuangalia kama yana maji, kwa sababu siku moja walipokuwa wapya katika ndoa baba aliuziwa mafuta yenye maji, injini ikazimikia njiani na mama akiwa nyuma, mvua inanyesha. Maji hukaa chini ya petroli, unayaona kwa macho. Nilidhani mazoea hayo yalikwenda na baba.

Sasa mama alitakiwa kufunga. Mkono wa kushoto una glasi, wa kulia una kisu. Akazungusha, kisu kikateleza. Akarudia, kikateleza tena na kumgonga kidole. Akaweka glasi chini, akajaribu kwa mikono miwili, kisu kikatoka. Skrubu ilikuwa imeingia lakini haijakaza. Chini ya mpira, tone moja likajitengeneza taratibu, likaanguka.

Mama akaitazama mikono yake. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Na nyinyi mmeanza," akaiambia.

Mikono ile imewashika watoto wa mtaa mzima. Na mwanamke yule alikuwa anaaga mikono yake mwenyewe, pale sakafuni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Toka huko nyuma ya pazia," akasema bila kugeuka. "Viatu vyako nimeviona tangu naingia."

Nikatoka nikichechemea kwa ganzi. Nikamuuliza kama alijua nipo, kwa nini amefanya yote yale mbele yangu.

"Kusema nilishindwa," akajibu. "Nikaona bora utazame."

Akanieleza akiwa bado amekaa chini. Mwezi mzima alikuwa anajua mafuta yanatoka wapi. Alijua ni pale anapofunga. Miaka ishirini alifunga kwa mkono mmoja, bila hata kutazama, na ghafla mwezi ule mkono ukakataa. Akaogopa. Siku za mwanzo alipangusa sakafu kimya kimya, mpaka harufu ikamshinda. Alisema akituambia vidole vimeisha nguvu, kaka angechukua pikipiki siku hiyo hiyo, na mimi ningemsaidia kuisukuma. Kwa hiyo akaniacha nihangaike na boya, akiomba labda nitatengeneza kitu kingine na tatizo liishe lenyewe.

"Nisamehe," akasema. "Nimekutesa bure, na bango lako zuri."

Mimi nilikuwa simsikii tena vizuri. Nilikuwa nimepiga magoti naitazama ile skrubu. Mpya, inang'aa, kichwa chake kidogo, mfereji wake mwembamba kama ukucha wa mtoto.

"Mama," nikamuuliza, "ile ya zamani ilikuwaje?"

"Ipi ya zamani?"

Hakujua. Sikuwahi kumwambia kwamba nimeibadilisha.

Nami niliikumbuka vizuri. Ilikuwa mbaya, nene, kichwa kimekatwa kwa tupa mpaka mfereji wake umekuwa mpana na wenye kina, umepinda kidogo. Siku ya sevisi niliitoa nikacheka, nikasema baba naye, skrubu gani hii kama jino bovu. Nikaweka ya dukani.

Nikachukua kisu cha siagi mkononi mwake. Nikatazama ncha yake. Upana ule ule.

Baba hakuikosea skrubu ile. Aliichonga kwa tupa ifanane na kisu cha jikoni, ili mke wake mwenye glasi mkono mmoja aweze kuifunga kwa mkono wa pili. Hakumwambia mtu, kwa tabia yake. Na mimi, Daktari, nikaing'oa.

"Mikono yako haina tatizo, Mama," nikamwambia. "Tatizo ni mimi."

Akanitazama juu ya miwani.

"Kwamba una tatizo nilijua tangu ukiwa darasa la kwanza," akasema. "Hilo la mikono ndilo naomba urudie."

Nikarudia. Akanifanya nirudie mara ya tatu, na mara hiyo akawa anacheka huku anafuta macho kwa upindo wa gauni. Nami nililia, siwafichi.

Sasa, skrubu iko wapi?

Nilikaza ile ya dukani kwa bisibisi, nikakimbia gereji. Kopo la vyuma chakavu lilikuwa tupu, lilishamwagwa kitambo. Nikapekua droo. Nikafagia chini ya meza. Nikaketi kwenye tairi nikiwa nimekata tamaa, nikainua macho juu.

Kona ya chini ya bango. Kichwa kinene, mfereji mpana, umepinda kidogo.

Ile skrubu niliyoichukua mezani siku natundika ilikuwa ni hiyo. Kazi ya mikono ya baba ilikuwa imeshikilia jina langu mwezi mzima, na mimi napita chini yake kila siku. Nilipoitoa, bango likalegea na kuning'inia upande. Sikulitazama mara mbili.

Kabla giza halijaingia nilikuwa nimeisafisha kwa petroli na kuirudisha mahali pake. Nikampa mama kisu na glasi. Akapiga magoti, akafungua, akakinga, akatazama, na akiwa na glasi mkononi akafunga kwa mkono mmoja. Kisu hakikucheza hata kidogo. Tukakaa wote sakafuni kama watoto, tukisubiri tone.

Halikuja.

Jumapili asubuhi Mkaguzi akafika amevaa suruali ya kutokea. Hakusalimia. Alipiga magoti kwenye korido, akatoa leso nyeupe, akaipitisha kwenye vigae, chini ya mpira, chini ya bakuli. Akainusa. Akaigeuza, akainusa upande wa pili.

"Umebadilisha nini?" akaniuliza.

"Nimerudisha," nikasema.

Ilibidi nimweleze yote, pamoja na sehemu ya pazia na nani nilikuwa namsubiri nyuma yake. Hakukasirika. Alisema tu kwamba kama angetaka kuiharibu pikipiki asingehangaika na skrubu, angenipa mimi niifanyie sevisi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini tukakubaliana na kaka kwenye mambo mawili, maana kwa hofu ya moto hakuwa amekosea. Glasi sasa inafanyiwa nje, uani, na koki ya tangi inafungwa kila jioni. Na wiki ile ile tulimwekea mama geti, kaka upande mmoja na mimi upande wa pili, tukigombana juu ya bawaba. Pikipiki haijalala ndani tena. Lakini Jumapili ile yenyewe, mama alitia begi mgongoni akaenda kwa mzee wa mguu, akiwa amechelewa, na akatuachia vyombo tuoshe.

Bango langu bado limening'inia upande mpaka leo. Skrubu za kulinyoosha ninazo tele, lakini nimeliacha hivyo. Wateja wakiuliza Daktari mbona amepinda, nawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi.

Na siku hizi mtu akileta pikipiki inayovuja, sishiki bisibisi kwanza. Namketisha kwenye tairi, namuuliza jioni akifika nyumbani huwa anaifanyia nini, nani mwingine anaishika, na kwa kifaa gani. Kabureta ile niliifungua mara tatu, kila kipande nilikichunguza. Mwenye kuiendesha sikumuuliza swali hata moja.

Kama una mzazi, na ana kitu chake kibovu kibovu unachotaka kumbadilishia kwa upendo, kaa naye kwanza akuonyeshe anavyokitumia. Mimi nilimpa mama yangu zawadi, akaishi mwezi mzima akidhani amezeeka.